Wadosi wa Mpira na Simu Zao: Kwa Nini Komenti Yako Haimtishi Glazer

Kuna swali liliulizwa Twitter Julai 2013 na mpaka leo ukimkumbusha shabiki wa Arsenal anakuangalia vibaya. John W. Henry, mdosi wa Liverpool, aliuliza hivi: hao watu wa Emirates wanavuta nini? Hiyo wiki Arsenal walikuwa wametupa ofa ya pauni 40,000,001 wakimtaka Luis Suárez. Milioni arobaini na pauni moja, ndio. Walikuwa wameskia mkataba wa Suárez una kipengele cha milioni 40, ofa ikipita hapo mlango unafunguka, so wakaongeza pauni moja vile wewe humuongezea muuzaji wa viatu Gikosh bob tano ili akuachilie.

Mashabiki wa Liverpool waliipenda hiyo tuiti kuliko magoli mengine ya huo msimu. Mzae tajiri wa Marekani alikuwa amebonga kama msee wa mtaa. Suárez akabaki, akafunga magoli 31 kwa ligi, Liverpool wakamaliza nambari mbili. Arsenal wakachekwa mpaka wakazoea.

Lakini kuna sehemu ya hiyo stori haisemwangi kwa local. Mapema 2014 Henry alikuwa kwa kongamano moja huko Boston na akasema peupe kwamba hicho kipengele kilikuwepo. Waliamua tu hawauzi, wakakaa ngumu. Yaani wakati mafans walikuwa wanacheka Arsenal ni wajinga, Arsenal walikuwa wamesoma mkataba vizuri kabisa. Mwenye aliuliza swali ndio alikuwa anajua jibu.

Kaa na hiyo kidogo. Siku hizi mdosi wa timu akiposti, tunaichukua kama habari. Tunapiga skrinishoti, tunatuma kwa grupu ya WhatsApp, tunaanza vita na jirani. Na yeye muda wote alikuwa anasukuma kitu chake. Henry alitaka bei ya mchezaji wake isishuke na mafans wake wamlinde, na akapata hivyo vyote kwa sentensi moja ya bure.

Sasa twende Nottingham. Tarehe 21 Aprili 2024 Forest walichapwa 2-0 na Everton, wakinyimwa penalti tatu vile walivyoona wao. Timu ilikuwa inapigania isishuke daraja, na Luton walikuwa kwa hiyo vita. Mechi haijapoa, akaunti ya Forest kwa X ikaandika kwamba walikuwa wamewaonya wasimamizi wa marefa kuwa refa wa VAR ni shabiki wa Luton, na hawakumbadilisha. Ilisomwa na mamilioni ya watu. Hiyo ilikuwa akaunti ya klabu, sio ya Evangelos Marinakis mwenyewe, lakini mfuko ni ule ule, na Oktoba ya huo mwaka mfuko ukaguswa: chama cha soka cha Uingereza kiliwapiga faini ya pauni 750,000. Kwa pesa za kwetu hiyo ni zaidi ya milioni 120.

Wengi wa mafans wa Forest bado wanaona ilikuwa poa. Ukweli nawaelewa. Ukiwa umechapwa na unahisi umeibiwa, kuona mdosi wako ameshikwa na hasira kama yako ni kitu tamu. Unaona kumbe hata yeye anaumia. Timu zingine wanalipa wanasheria waandike taarifa ya kurasa mbili haisemi kitu, na yako imeandika kama wewe.

Shida ni mawe yakianza kurushwa yanaangukia nani. Refa wa VAR hana mawakili wa klabu nyuma yake. Na kama unadhani hiyo ni kitu kidogo, kumbuka Leeds, Desemba 2020. Walikuwa wamemkung'uta West Brom 5-0 ugenini. Karen Carney, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Uingereza, alikuwa anachambua mpira kwa TV na akasema pengine hiyo mapumziko ya korona ndio iliwasaidia Leeds kupanda daraja. Maoni tu, kama yale wewe hutoa kwa base. Akaunti ya Leeds ikachukua hiyo klipu ikaiweka mbele ya mamia ya maelfu ya watu, na kaemoji ka mtu anafikiria. Kilichofuata unajua, juu umekiona kikifanyikia wasichana wengi mtandaoni: matusi kuhusu jinsia yake, arudi jikoni, vitu siwezi andika hapa. Andrea Radrizzani, mwenye timu, akasema anabeba jukumu la hiyo posti, na kwa pumzi hiyo hiyo akasema maneno ya Carney hayakuwa na haja na yaliwakosea heshima. Carney akafuta akaunti yake.

Timu ilipata likes. Mwanamke mmoja akapoteza mahali pa kuongelea. Mimi siiti hiyo ni utani wa mpira.

Na usidhani tabia hii iko Ulaya pekee. Vuka Namanga. Mohammed Dewji, Mo, tajiri wa Simba, ana wafuasi wengi kuliko timu nyingi za ukanda huu. Januari 2020 Simba walipoteza fainali ya Kombe la Mapinduzi kwa Mtibwa Sugar, bao moja. Usiku huo Mo akaandika kwa Twitter kwamba anajiuzulu uenyekiti wa bodi, atabaki mwekezaji, na akataja pesa anazotoa kulipa mishahara. Fikiria uko Kariakoo na jezi nyekundu, umeshapoteza kombe, halafu simu inakuambia mwenye anakulipia wachezaji anatoka.

Watu walipanic vile ungepanic wewe. Wengine walimbembeleza, wengine walimuuliza kwani Simba ni yake. Mwishowe hakuondoka. Alibaki mwenyekiti mpaka Septemba 2021, halafu akarudi tena 2024 baada ya Simba kumaliza msimu nambari tatu nyuma ya Yanga na Azam.

Hapo ndio nataka uone tofauti. Kwa mpango wa Simba, Mo alipewa asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania, na 51 zikabaki kwa wanachama. So yule shabiki wa Mbagala mwenye kadi, akimjibu Mo kwa komenti, anaongea kama mwenye mali. Anaweza kuwa hana kitu mfukoni lakini kuna mkutano mkuu ambapo mkono wake unahesabiwa. Ndio maana hiyo tuiti ilikuwa na uzito pande zote mbili. Mo alikuwa anawakumbusha mkwanja ni wake, na wao walikuwa wanamkumbusha jina ni lao.

Sasa rudi kwako. Uko Umoja ama Kahawa West, saa tano usiku, Man U wamechapwa, bando imebaki MB kadhaa, na unaandika Glazers Out kwa mara ya elfu. Hiyo familia ilinunua Man U 2005. Wamesikia hayo maneno kwa miaka ishirini, kwa mabango, kwa nyimbo, kwa ndege iliyopita juu ya uwanja ikivuta kitambaa. Hawajibu. Stan Kroenke wa Arsenal naye alipewa jina kabisa, Silent Stan. Julai 2019 vikundi vya mashabiki wa Arsenal viliandika barua ya pamoja kuuliza kama mwenye timu anajali, na jibu likatoka kwa mtoto wake Josh, aliyewaambia wafurahie yanayokuja.

Tulikuwa tunadhani mdosi bubu ndio mbaya na mdosi wa kuposti ndio mtu wa watu. Mimi siamini tena. Kroenke amekaa kimya na Arsenal imejengeka. Tony Fernandes wa QPR alikuwa anajibu mafans Twitter kama jamaa wa kwa base, na timu ikashuka daraja 2013, ikapanda, ikashuka tena 2015. Ukarimu wa kujibu hauzuii magoli. Na Farhad Moshiri wa Everton alikuwa na staili yake: badala ya kuongea na mafans, alikuwa anamtumia mtangazaji mmoja wa redio ujumbe, huyo anausoma hewani. Hiyo ni kama landlord akutumie notisi kupitia shoga ya mama yako.

Kitu kinachomfanya mdosi asikie ni kimoja, kuna kitu anaweza kupoteza. Rudi kwa huyo huyo Henry. Februari 2016 Liverpool walitangaza tiketi ya juu itafika pauni 77, zaidi ya shilingi elfu kumi kwa mechi moja. Watu walilalamika mtandaoni na hakuna kitu kilitokea. Halafu tarehe 6 wakicheza na Sunderland, dakika ya 77, karibu watu elfu kumi wakasimama wakatoka Anfield. Timu ilikuwa inaongoza 2-0. Ikaisha 2-2. Siku nne baadaye wadosi wakaomba msamaha na hiyo bei ikafa.

Aprili 2021 ikawa kubwa zaidi. Jumapili tarehe 18 timu 12, sita zikiwa za Uingereza, zikatangaza ligi yao ya matajiri, Super League. Mafans hawakuulizwa, makocha hawakuulizwa. Jumanne jioni mashabiki wa Chelsea walikuwa wamefunga barabara nje ya Stamford Bridge, basi haliwezi kupita, mpaka Petr Čech akatoka kuwabembeleza wapewe muda. Usiku huo ligi ikaanza kumeguka. Jumatano asubuhi Henry alikuwa kwa video, peke yake, uso umechoka, anaomba msamaha kwa Liverpool nzima. Jamaa wa tuiti ya bangi ndio huyo.

Wapo wanaosema Twitter ndio iliua Super League. Hapana, buda. Serikali ya Uingereza ilitishia sheria, UEFA ilitishia kufungia watu, wachezaji walikataa waziwazi, na Bayern na Dortmund walikataa kuingia tangu mwanzo, timu ambazo kwa kanuni za ligi ya Ujerumani wanachama ndio wana kura nyingi. Mtandao ulifanya kitu kimoja cha maana sana: uliwaambia watu elfu moja wafike barabara moja saa moja. Baada ya hapo ni miguu ilifanya kazi. Tarehe 2 Mei miguu hiyo iliingia mpaka ndani ya Old Trafford na mechi ya Man U na Liverpool ikaahirishwa. Nikiambiwa nitaje siku Glazer alimsikia shabiki, nitataja hiyo.

Lakini wewe huwezi kutoka Anfield dakika ya 77. Ukitoka kwa local dakika ya 77 unayemuumiza ni mwenye anauza soda.

So sisi wa huku tuna nini? Tuna macho. Na macho yetu yanauzwa. Arsenal walipovaa Visit Rwanda kwa mkono kuanzia 2018, hilo tangazo halikuwa la watu wa Islington pekee. Lilikuwa la kila mtu anayeangalia, pamoja na wewe kwa kiti cha plastiki Kayole. Na ona vile lilienda. Vita vya mashariki mwa Kongo vilipochacha, kuna mashabiki wa Arsenal walianza kampeni ya kutaka hilo jina litoke. 2025 waligawa vitambaa vya mkono vya kusema afadhali Visit Tottenham. Ukijua Arsenal na Tottenham unajua hiyo ni hasira ya kiwango gani. Novemba 2025 timu na Rwanda wakatangaza mkataba unaisha mwisho wa msimu, wakasema ni kwa makubaliano. Hawakuwataja mafans popote. Soma vile unataka.

Na kuna ya SportPesa, ambayo inatuuma zaidi juu hizo pesa zilitoka kwa simu zetu. Kuanzia 2017 jina la kampuni ya kubeti iliyojulikana hapa Nairobi lilikuwa kifuani mwa Everton. Gor walicheza nao Dar, wakaenda mpaka Goodison. Julai 2019 Kariobangi Sharks waliwatoa Everton kwa penalti pale Kasarani, na hiyo siku hakuna mtu alikuwa anashinda sisi kwa kelele mtandaoni. Lakini mwezi huo huo serikali ilikuwa imeikatalia hiyo kampuni leseni kwa sababu ya vita vya ushuru, na Agosti udhamini wa Gor Mahia, AFC Leopards na ligi yetu ukakatwa. Everton nao waliachana nayo 2020 na wakapata mdhamini mwingine kabla msimu uanze. Gor na Ingwe walikula huu. Zote mbili zilikuja kufungiwa usajili na FIFA juu ya wachezaji ambao hawakulipwa.

Nikisoma komenti za hiyo miaka, sisi Wakenya tulikuwa tunabishana kama Everton wafukuze kocha.

Sisemi uache EPL. Mimi mwenyewe Jumamosi sipatikani. Wrexham pia nawapenda, na najua kabisa nimeuziwa: Ryan Reynolds na Rob McElhenney walichukua timu ya daraja la tano Februari 2021, wakaifanya stori, TikTok ikawa kwa jezi, ikaja shoo ya TV, na ikapanda madaraja matatu mfululizo, 2023, 2024, 2025. Hao angalau wameuza kitu na wakakijenga. Mwenye ameingizwa box na Wrexham amepata timu nzuri ya kuangalia.

Ninachosema ni hivi, cheki hesabu ya nguvu zako. Kwa Man U komenti yako ni namba. Mtu wa masoko anaijumlisha na zingine, anaenda kwa mdhamini, anasema tuna watu wengi Afrika. Hata ukitukana, unahesabika. Ukiandika Glazers Out mara mia, umemsaidia kuonyesha vile watu wako na hamu. Hiyo ndio sehemu inaniudhi zaidi, kwamba hasira yetu nayo ni bidhaa.

Halafu hapa nyumbani kuna timu mbili kubwa ambazo hazina Glazer. Gor Mahia na AFC Leopards ni za wanachama. Mwenyekiti anapigiwa kura. Juni 2025 wanachama wa Ingwe walimchagua Boniface Ambani, straika wao wa zamani, awe mwenyekiti. Sasa huyo akiposti kuhusu mishahara ama usajili, komenti chini yake inaweza kuwa ya mtu aliyempigia kura, na ambaye uchaguzi ukirudi anaweza kumtoa. Kwa mpira wa Uingereza wanalilia hiyo kitu. Ilibidi bunge lao lipitishe sheria 2025 ya kuweka msimamizi huru wa soka ndio klabu zilazimishwe kusikiza mafans. Sisi tulianza nayo tangu timu ziundwe, tukaiacha ikae na vumbi.

Najua utaniambia nini. Hizo timu zina siasa, chaguzi zao huwa na makelele, rejista ya wanachama inapigiwa kelele kila mara, viongozi wanakaa miaka mingi. Yote kweli. Kuna watu wamejiandikisha wakaona hakuna kilichobadilika wakarudi kuangalia Chelsea. Lakini hizo siasa ziko hivyo pia kwa sababu wanaopiga kura ni wachache na wanajuana. Timu yenye inajaza Nyayo siku ya Mashemeji inaamuliwa na watu wachache sana ukilinganisha na wale wanaoimba. Mwenyekiti anajua hivyo. Ndio maana akitukanwa Facebook na watu elfu tano halali vibaya: anajua wangapi kati yao wana kadi.

Siku atajua elfu tatu wanazo, angalia vile ataanza kujibu.